Sifa, Kosa na Picha za Kolo

Mtu aonyeshaye kazi ya mikono yake hujitia katika hukumu kwa hiari. Kabla ya kuonyeshwa, kazi ilikuwa siri yake, na siri haina mshindani. Baada ya kuonyeshwa, kazi ni mali ya macho ya watu, na macho ya watu hayana mlango. Kwa hiyo kila aonyeshaye ana hofu kidogo hata akicheka, na kila aonyeshwaye ana mamlaka kidogo hata asipoyataka. Baina ya hofu hiyo na mamlaka hayo ndipo ikaapo adabu ya kusahihisha. Adabu hii ina pande mbili: kutoa na kupokea. Upande wa kwanza umesemwa sana. Upande wa pili huachwa, kama kwamba kupokea masahihisho ni jambo la maumbile lisilotaka mafunzo, mfano wa kupokea mvua.

Kazi ya kupiga picha ni shule njema ya adabu hii, maana ni sanaa ambayo mwanafunzi wake hudanganyika upesi. Asiyejua kuchora hulijua hilo mara tu atwaapo kalamu, na asiyejua kuimba huambiwa na sauti yake mwenyewe. Lakini mwenye kamera hubonyeza mara moja akapata kitu kilichotimia, chenye pembe nne na sura ya kweli. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya sanduku iliyoitwa Brownie, ikauzwa kwa dola moja. Tangu hapo upigaji picha ulianza kutoka katika mikono ya mafundi na kuingia katika mikono ya watu wote, hata watoto. Katika Afrika Mashariki ufundi huo ulikaa siku nyingi katika nyumba za picha. Huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Watu walikwenda katika nyumba za namna hiyo wamevaa nguo za heshima, wakakaa walivyoelekezwa, wakalipa, wakaenda zao. Mhakiki wa siku hizo alikuwa mteja, na uhakiki wake ulikuwa fedha. Leo kamera imo ndani ya simu, filamu hainunuliwi, na picha mbaya haimgharimu mtu kitu. Picha zimekuwa nyingi; mashauri juu ya picha yamebaki haba.

Mashauri yapatikanayo kwa kawaida ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni sifa tupu: picha huonyeshwa, watazamaji husema ni nzuri sana, na jambo huishia hapo. Namna ya pili ni dhihaka: kosa moja hushikwa, likachekwa, na kicheko kikamfuata mpigapicha mpaka nyumbani kwake. Sifa tupu humlaza mtu usingizi. Dhihaka humfukuza uwanjani. Namna zote mbili zina kasoro moja: haziitazami picha. Ya kwanza hutazama urafiki, ya pili hutazama nafasi ya kujionyesha.

Iko nchi moja katika Tanzania ambako kasoro hii si jambo dogo la adabu tu, bali ni jambo la hasara isiyolipika. Nchi hiyo ni Kondoa, kaskazini ya Dodoma, katika uwanda wa juu wa kati. Ukifuata barabara itokayo Dodoma kwenda Babati, ukapita mji wa Kondoa, utafika Kolo; na juu ya vilima vya Kolo na jirani zake, penye miamba iliyoinama kama mapaa ya nyumba, iko michoro ya watu wa kale. Michoro myekundu, yenye mistari membamba, huonyesha watu warefu wasio na unene, na wanyama kama twiga, pofu na tembo; hudhaniwa kuwa kazi ya wawindaji na wachuma matunda, na Wasandawe hutajwa kuwa karibu nao kwa asili. Michoro myeupe, minene, iliyopakwa juu ya ile myekundu mahali pengi, hudhaniwa kuwa kazi ya wakulima waliokuja baadaye. Mwaka 1937 michoro hii iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2006 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Wala si urithi uliokufa. Mahali kama Mungomi wa Kolo, watu wa vijiji vya jirani wamekuwa wakienda kuomba mvua na kutafuta uponyaji.

Katika mwaka 1951 Mary Leakey, pamoja na mumewe Louis, alikaa Kondoa miezi mitatu akinakili michoro hiyo. Alikuwa binti wa mchoraji, na utotoni alikwisha kuona mapango yenye michoro huko Ufaransa. Alitandika karatasi nyembamba ya kupenya mwanga juu ya mwamba, akafuata mistari kwa mkono, kisha akazichora upya sura hizo kwa kipimo kidogo na rangi zake. Sura alizozinakili zilikaribia 1,600. Kitabu chake, Africa's Vanishing Art, kilitoka mwaka 1983. Jina lake latangaza sanaa inayotoweka, na jina hilo halikuwa la urembo. Jua, mvua, moshi, mikono ya watu na miguu ya wanyama hufanya kazi kila mwaka. Kwa hiyo kila picha ipigwayo Kolo, hata na mtu asiye fundi, yaweza kuwa shahidi wa mwisho wa mstari fulani. Picha ya harusi ikiharibika, maharusi wapo. Picha ya mchoro ikiharibika, labda mchoro hautakuwapo.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa mji wa Kondoa, mpenda picha, mwenye simu njema na miguu ya kupanda vilima. Amekwenda miambani peke yake, saa sita za mchana, bila kiongozi, amerudi na picha moja ya watu wekundu warefu, nyekundu yake ikiwaka kama kaa la moto. Rafiki zake wanaisifu kwa sauti moja. Mwenye duka anaitaka kwa kalenda. Kijana anaona kuwa amekwisha kuwa fundi.

Anampelekea mwalimu wake wa zamani. Mwalimu anaitazama muda mrefu, hasifu wala halaumu, kisha anauliza: "Mwanangu, wekundu huu umeupataje?"

"Kwa maji, mwalimu. Nilimwagia chupa moja tu."

"Na kabla ya maji?"

"Ulikuwa umefifia. Haukuonekana vizuri."

Katika maswali hayo mawili mna nusu ya elimu ya uhakiki. Waliosifu waliona rangi. Aliyeuliza alitaka kujua njia ya rangi. Na njia ndiyo iliyokuwa na kosa, wala si matokeo. Maji yamwagwapo juu ya mwamba wenye mchoro huing'arisha rangi kwa dakika chache, kama vile jiwe la mtoni ling'aavyo likiwa majini. Lakini maji huingia ndani ya mwamba, huyeyusha chumvi zilizomo, na yanapokauka huzivuta chumvi hizo mpaka usoni pa jiwe. Huko zinabaki kama utando mweupe juu ya rangi, au zinaibandua rangi yenyewe. Mara moja pengine haionekani. Mara mia ni pazia. Kila mpigapicha husema amemwaga chupa moja tu, na kila mmoja husema kweli.

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa kwa mtu aharibuye kazi yake baada ya kusifiwa, lakini Kolo inapata maana iliyo karibu kabisa na maneno yake. Kijana aliyesifiwa kwa wekundu wa picha atarudi na chupa mbili. Mwenzake aliyesikia sifa hizo atakwenda na ndoo. Aliyesifu hakushika chupa, wala hakupanda kilima. Hata hivyo mkono wake umo katika utando ule mweupe. Basi sifa si zawadi isiyo na gharama, kama wengi wadhanivyo. Sifa ni agizo. Kumwambia mtu kuwa jambo fulani ni zuri ni kumwambia alifanye tena.

Wala lawama hii isitupwe juu ya vijana peke yao. Desturi ya kulowesha michoro haikuzuliwa na wenye simu. Henri Lhote na wenzake, walionakili michoro ya Tassili n'Ajjer katika Aljeria tangu mwaka 1956, walipangusa kuta kwa maji ili rangi zionekane. Kazi yao ikapata sifa kubwa Ulaya, na lawama juu ya madhara ya kuta zikaja nyuma, zikiwa zimechelewa. Wasomi walitangulia katika kosa, na sifa ikatangulia mbele ya swali. Aliyeelimika sana huhitaji kuulizwa njia yake sawasawa na asiyeelimika, na pengine zaidi, maana wafuasi wake ni wengi.

Swali likishatangulia, hukumu ina haki ya kufuata. Nayo hukumu haina budi kuanza na maelezo ya kinachoonekana. Juu ya jambo hili Kolo yenyewe ina somo. Miongoni mwa michoro yake maarufu limo kundi la watu watano wembamba, wa katikati akiwa ameshikwa mikono na wenzake wa kulia na wa kushoto. Mary Leakey aliona humo habari ya utekaji: mtu anavutwa huku, anazuiwa kule. Wataalamu wengine waliokuja baadaye, wakilinganisha na michoro ya kusini mwa Afrika, waliona ngoma ya uganga, na mtu aliyepandwa na nguvu akishikwa na wenziwe asianguke. Mchoro ni mmoja, macho ni mawili. Lakini wote wanapatana juu ya watu watano na mikono iliyoshikana. Hapo ndipo mazungumzo yanapowezekana. Mhakiki wa picha naye na aanze vivyo hivyo. Na aseme: watu ni watano, wa pembeni amekatwa bega, kona ya juu ina mwanga mweupe usioonyesha kitu. Baada ya hayo aseme maoni yake. Mpigapicha aweza kubishana na maoni. Hawezi kubishana na bega lililokatwa.

Jambo la pili ni kipimo. Washairi wa Kiswahili walilijua zamani. Katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, malenga walijibizana na kusahihishana mbele ya wasomaji wa nchi nzima, na mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu akiambiwa kuwa mizani ya mshororo wake wa tatu imepungua, hakutukanwa. Amehesabiwa, na yeye mwenyewe aweza kuhesabu kwa vidole akaona. Kipimo kinachojulikana na wote wawili humwondolea anayesahihisha kiburi, humwondolea anayesahihishwa aibu. Picha haina vina wala mizani, lakini ina kusudi, na kusudi ndilo kipimo chake. Picha ya kupamba ukuta ina kipimo chake, na picha ya kumbukumbu ina chake. Picha ya mchoro wa Kolo iliyopinda kidogo, yenye tarehe, jina la mahali na rula ndogo iliyoshikwa karibu na mwamba bila kuugusa, yaweza kuwa na faida kuliko picha ya kupendeza isiyojulikana ilipigwa wapi wala lini. Kabla ya kusema kuwa picha ni njema au mbaya, mhakiki na aulize: njema kwa kazi gani?

Jambo la tatu ni kutaja dawa pamoja na ugonjwa, na dawa yenyewe iwe katika uwezo wa mgonjwa. Picha ya kijana wetu ilipigwa kutoka chini, simu ikiwa imeinuliwa kutazama juu. Kwa sababu hiyo miguu ya watu wale imekuwa mikubwa na vichwa vimekuwa vidogo. Mahali pengine kosa hili lingekuwa la urembo. Kolo ni la maana, kwa kuwa watu wa michoro ile ni warefu kwa mkono wa mchoraji wao. Mtazamaji hawezi tena kujua urefu upi ni wa mchoraji na urefu upi ni wa simu. Kumwambia kijana kuwa hana jicho la picha ni kumnyang'anya tumaini bila ya kumpa kitu. Kumwambia anunue kamera ya fedha nyingi ni kumpa dawa iliyofungiwa katika duka la mbali. Lakini kumwambia arudi nyuma hatua tatu, asimame juu ya jiwe, na simu na ukuta vitazamane uso kwa uso, ni kumpa kitu awezacho kufanya kesho. Vivyo hivyo na mwanga. Mchana wa saa sita nusu ya ukuta ina jua na nusu ina kivuli, na simu haiwezi kuzitosheleza zote mbili. Na angoje mpaka ukuta mzima uwe kivulini. Na kama rangi imefifia, iko programu iitwayo DStretch, aliyoitunga Jon Harman mwaka 2005, ambayo hukuza tofauti za rangi ndani ya picha yenyewe, ikatoa mistari ambayo jicho halikuiona, bila hata tone moja kugusa mwamba. Maji yamepata badali yake.

Mashauri haya yote ni mengi, na wingi wake nao ni hatari. Mtu akitajiwa makosa kumi kwa siku moja husahau tisa na kuchukia la kumi. Mhakiki mwenye busara huchagua. Katika picha hii, maji ndiyo ya kwanza kwa kuwa madhara yake hayarudishwi. Kuinama kwa simu na mwanga wa mchana vyaweza kungoja siku ya pili. Mpango wa kusahihisha na ufuate uzito wa madhara, usifuate wepesi wa kuliona kosa. Bega lililokatwa huonekana upesi; maji hayaonekani kabisa, nayo ndiyo yaliyokuwa mazito.

Yuko mhakiki mwingine ambaye wapenda picha humsahau, naye ni mwenye mahali. Kijana akimwonyesha picha hiyo mzee wa kijiji jirani na miamba, baada ya shikamoo na marahaba, mzee huyo pengine hatauliza habari za rangi wala za mwanga.

"Picha ni nzuri, mjukuu wangu," atasema. "Lakini mlangoni ulibisha hodi kwa nani?"

Swali hili halimo katika vitabu vya kamera, lakini ni swali la picha. Mahali panapoombewa mvua pana wenyewe, na pana pia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, iliyowekwa ili mgeni asipande peke yake. Kiongozi angalikuwapo, chupa ingalibaki mkobani. Kosa la adabu lilitangulia, kosa la maji likafuata. Mzee aliona chanzo na mwalimu aliona tokeo, na kila mmoja alisema kweli kutoka pale aliposimama.

Sasa ni zamu ya kupokea. Kijana amekwenda kutafuta sifa, amepata maswali. Moyo wake una njia tatu. Njia ya kwanza ni kujitetea: kusema kuwa wageni nao humwaga maji, kuwa chupa ilikuwa ndogo, kuwa mwalimu hajui mambo ya simu. Njia hii ni ya wengi, kwa sababu hufika upesi. Lakini kila neno la kujitetea huziba sikio moja. Njia ya pili ni kuvunjika: kufuta picha, kuiacha kazi, kusema kuwa sanaa si yake. Watu huiita njia hii unyenyekevu, nayo ni kiburi kilichogeuzwa nguo, kwa kuwa mtu huyo hakubali kuwa mwanafunzi. Anataka kuwa fundi au asiwe kitu. Njia ya tatu ni ngumu na ya polepole. Ni kunyamaza mpaka msemaji amalize, kuuliza pale pasipoeleweka, kushukuru, kisha kwenda kupima peke yake lipi ni la kweli. Maana si kila shauri ni jema. Mwenye duka atakaye kalenda atashauri rangi iwake zaidi. Rafiki atashauri watu wawili wa pembeni waondolewe ili picha ikae sawa, kana kwamba mchoraji wa kale alikosea hesabu. Anayepokea yote hana msimamo, na anayekataa yote hana masikio. Kipimo cha kuchagua ni kile kile cha kwanza: kusudi la picha.

Tena mpokeaji na atenge kazi yake na nafsi yake. Picha si mtu. Aliyesema kuwa mwanga umeharibika hakusema kuwa mpigapicha ameharibika. Utengano huu ni mwepesi kutamka, mgumu kutenda, kwa kuwa mtu huipenda kazi yake kama mtoto. Na mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini anayesahihisha naye anawiwa msaada katika jambo hili. Ulimi ukisema "umeharibu", hugusa mtu. Ukisema "hapa pameharibika", hugusa mahali. Kiswahili kimewapa wasemaji wake njia zote mbili, na uchaguzi ni wao.

Yule kijana wa mfano, akifuata njia ya tatu, atarudi Kolo asubuhi nyingine akiwa na kiongozi na rula, bila chupa ya kumwagia. Picha yake ya pili itakuwa na rangi hafifu. Rafiki zake watauliza wekundu umekwenda wapi, na mwenye duka hataitaka. Huo ndio mtihani wa mwisho wa mtu aliyesahihishwa: kupewa sifa chache kwa kazi iliyo bora. Mhakiki aliyempeleka katika mtihani huo ana deni la kuwa karibu naye siku hiyo, na kumwambia waziwazi kile kilichoboreka: kwamba sasa miguu ina urefu aliyoitaka mchoraji, kwamba bega la tano limo, kwamba mtu wa miaka hamsini ijayo ataweza kupima na kulinganisha. Hiyo ndiyo sifa yenye haki, kwa kuwa imetaja kitu. Mwenye kusahihisha kosa akanyamaza mbele ya wema amefanya nusu ya kazi yake.

Kosa la picha hufutwa kwa kidole, na nyingine ikapigwa. Kosa la ukuta halifutwi. Mchoraji wa Kolo hayupo kusema lipi limempendeza na lipi limemwudhi, wala hakuacha jina. Hana mtetezi ila wale watazamao picha za kazi yake wakauliza, kabla ya kusifu, namna zilivyopatikana.